Korongo kwenye Ukuta wa Rahab

Haya nilisimuliwa na Lenah mwenyewe, Januari ya mwaka 2009, alipokuja kunisaidia kukandika jiko langu hapa Kibomet. Nilimsifu kwa korongo aliyemchora kando ya mlango. Akaweka kitambaa chini, kisha akaniambia yaliyompata kwao Bokoli akiwa na miaka kumi na miwili.

Kila Desemba, shule zikifungwa, wanawake wa Bokoli hukandika nyumba upya wakingojea Krismasi. Asubuhi Lenah alichota maji, akachanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, halafu akamfuata shangazi yake Jentrix, ambaye yeye alimwita Senge, yaani shangazi kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyejua kupamba ukuta kama Jentrix. Rangi zake, nyeupe na nyeusi, alizitoa kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya mashamba, penye mafunjo marefu na korongo wawili wenye taji la dhahabu kichwani.

Mwaka huo jirani yao Hiram alianza kuchimba mtaro ili akaushe kinamasi, apande mahindi. Chemchemi waliyochota maji ikaanza kupungua. Chifu akasema atakuja Jumamosi kusikiliza pande zote.

"Mimi kusema mbele ya baraza siwezi," Jentrix aliwaambia wenzake. "Lakini chifu atapita hapa kwa miguu. Basi mwaka huu hakuna maua! Kila mtu achore kitu kinachotegemea kinamasi. Chifu asome kwa kuta zetu."

Akamgeukia Lenah. "Wewe utachora korongo. Chota udongo kando ya kinamasi tu. Usiingie kwa mafunjo, korongo wanaatamia."

"Sawa, Senge."

Lakini udongo wa kando ulikuwa wa rangi ya majivu, na Lenah alitaka korongo wake awe na mashavu meupe pepepe. Jumatano, Senge alipokwenda sokoni, aliingia ndani ya mafunjo. Akateleza. Karai lilimponyoka, likaangukia kiota. Mayai matatu yakapasuka. Korongo wakaruka juu wakilia, naye akakimbia nyumbani bila kugeuka nyuma.

Kesho yake binamu yake Khisa alikuja mbio na maganda mkononi. "Ati mmeona? Hiram amevunja mayai! Huyo mtu hana huruma, bana!"

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Kufikia jioni Jentrix alikuwa amemchora Hiram kwenye ukuta wa barabarani, jembe limeinuliwa juu ya mayai. Na wanawake waliozoea kusaidiana nyumba kwa nyumba waliiruka nyumba ya Rahab, mke wa Hiram.

Ijumaa Lenah alimkuta Rahab amepiga magoti peke yake mbele ya ukuta wenye nyufa.

"Na wewe umekuja kunicheka?"

"Hapana, mama."

"Basi si uniambie. Hiram yuko Webuye na mtoto hospitalini tangu Jumanne. Aliingia kwa mafunjo saa ngapi?"

Lenah aligeuka, akaondoka mbio. Alirudi nyumbani, akamwambia Senge kila kitu.

Jentrix aliketi mlangoni. "Unajua tukisema hivi kesho, watasema sisi ndio waharibifu? Tunaweza kukipoteza kinamasi."

"Najua, Senge." Machozi yalimtoka.

Jentrix alichovya kitambaa majini, akaenda barabarani, akamfuta Hiram. "Nilichora kitu ambacho sikukiona," alisema.

Jumamosi chifu alipita akitazama kuta, kisha baraza likakaa barabarani kando ya ukuta ule. Lenah alisimama, akasema yote. Watu wakaguna. "Kumbe ni nyinyi wenyewe!" mtu mmoja akapaza sauti. Hiram, aliyerudi asubuhi hiyo, aliutazama ukuta uliokuwa bado na alama ya unyevu pale alipokuwa amechorwa.

"Na wewe Hiram?" chifu akauliza.

"Mimi nilitaka mahindi tu. Lakini nimeona ukuta wa jirani yetu mama Wakhungu, amechora foleni ya ndoo kwenye chemchemi kavu. Sikujua imefika hapo. Huyu mtoto amesema ukweli wake, na mimi nasema wangu: mtaro nitauziba."

Mtaro ulizibwa wiki hiyohiyo, maji yakarudi polepole. Lakini korongo walizunguka juu ya mafunjo siku tatu wakilia, kisha wakaelekea upande wa mlima. Mwaka huo hawakurudi, wala uliofuata.

Siku walipoondoka, Lenah alibeba karai lake hadi kwa Rahab. Akamchorea korongo wawili na mayai matatu mazima, kwa ule udongo wa rangi ya majivu. Rahab alimletea uji.

Jioni Jentrix alikuja kumchukua, na njiani akamshika bega. "Lenah, kuta zetu zimekiokoa kinamasi kwa sababu zilisema kweli. Ule mmoja wa uongo ungetuangusha. Hiram umemrudishia jina lake. Mayai huwezi kuyarudisha. Hayo utayakumbuka kila ukishika udongo, ili mkono wako uwe mwangalifu."

Usiku ule, watu wote nyumbani walilala. Lenah alibaki akisikiliza upande wa kinamasi. Vyura walilia, maji yalipita. Alingoja sauti ya korongo, akangoja, mpaka usingizi ukamchukua.