Kamba za Merikebu

Mwezi wa Juni, Uyole huwa na baridi inayong'ata vidole. Tekla Kalinga aliijua vizuri baridi hiyo, kwani kila asubuhi alikuwa wa kwanza nyumbani kwao kukutana nayo. Alikwenda bombani na ndoo, akarudi ncha za vidole zimekufa ganzi, akafagia uwanja, kisha akanywa uji wake wa ulezi akiwa amechutama karibu na moto. Baada ya hapo alitia madaftari kwenye mfuko wa kitambaa na kukimbilia shule, jembe begani ikiwa siku yenyewe ni ya shamba la shule. Mwaka ule wa 1975 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita.

Jioni alikuwa mtu wa kibandani. Baba yake, Mzee Timotheo Kalinga, alikuwa ametoka Iringa miaka mingi nyuma kuja kufanya kazi ya useremala Uyole, na nyuma ya nyumba yao alikuwa na kibanda chenye meza ya kazi, randa mbili na patasi zilizonolewa zikakata kama wembe. Watoto wengine walicheza rede. Tekla alikaa juu ya maranda, akachonga vijiko, magari na ng'ombe wa miti. Mama yake, Severina, alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa na kisu mkononi.

Siku moja Mwalimu Ezekia, aliyewafundisha kazi za mikono, aliwatangazia kwamba siku ya Saba Saba, tarehe saba Julai, shule zitapeleka kazi zao kwenye maonyesho mjini Mbeya. Kila shule ingepeleka kitu kimoja tu, kilichotengenezwa na mikono ya wanafunzi wenyewe, na aliyetengeneza kitakachoshinda angepewa sanduku zima la vyombo vya useremala. Wengi wakataja vikapu, mikeka na mipini ya majembe. Tekla akanyoosha mkono, akasema atatengeneza merikebu.

Darasa zima likaangua kicheko. Nani Uyole aliwahi kuiona merikebu? Lakini daftari la Tekla la jiografia lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya kalenda kuukuu yenye picha ya merikebu ya milingoti miwili, matanga yake yamejaa upepo, na kwa miezi mingi alikuwa ameitazama picha ile kuliko alivyoyatazama masomo yaliyokuwa ndani. Mwalimu Ezekia aliitazama naye kwa muda, kisha akamwambia ajaribu.

Baba yake alimpa mbao za sanduku ambamo mafundi wa reli kutoka China waliwahi kuletewa vyuma vyao. Zilikuwa mbao laini, nyeupe, nyingine bado zina maandishi ya Kichina. Mzee Timotheo hakugusa kazi yenyewe. Alimwonyesha binti yake namna ya kupiga mstari wa katikati na namna ya kufuata nyuzi za mbao, kisha akarudi kwenye viti vyake. Tumbo la kwanza la merikebu lilipasuka katikati kwa sababu aliharakisha. Akalia kidogo, akaanza tena. La pili alilichonga polepole, akaweka mkuku chini, ule mti unaobeba chombo chote, akapanga mataruma ndani kama mbavu za samaki, na kulipiga msasa mpaka likateleza mkononi. Milingoti aliichonga kwa mianzi. Mama alimpa foronya iliyochakaa, ikawa matanga.

Kazi ikakwama kwenye kamba. Tekla alifunga uzi wa cherehani huku na huku kama picha ilivyoonyesha, lakini milingoti ililala upande mmoja kama walevi, na matanga yakaning'inia.

Alikuwa katika hali hiyo Shija alipoingia kibandani. Shija Nkuba alisoma naye darasa moja na kukaa naye dawati moja. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani mpaka bonde la Usangu, nao walimleta Uyole kwa mjomba wake, Mzee Budeba, ili asome. Alikuwa msichana mwenye sauti kubwa, asiyejua kuficha analofikiri.

"Hii ni merikebu au kamba ya kuanikia nguo?" aliuliza.

Tekla alinuna, lakini Shija alikwisha chuchumaa. Akaeleza kwamba babu yake alikuwa na mtumbwi wa tanga kwenye Ziwa Viktoria, na yeye alipokuwa mdogo alikaa miguuni pake akimwona akifunga na kufungua. Mlingoti, alisema, hausimamishwi na shimo lake. Unasimamishwa na kamba zinazouvuta pande zote kwa nguvu sawasawa. Ukikaza huku, legeza kule, mpaka utulie.

Kwa muda wa siku tisa Shija alikuja kila jioni. Alifumua gunia la katani, akasokota nyuzi zake juu ya paja mpaka zikawa kamba nyembamba kama mishipa ya jani, akazipaka nta zisichakae. Alifunga kamba za kushikilia milingoti, kamba za kupandishia foromali, yaani ule mti unaobeba tanga, na kamba za kuvutia pembe za tanga. Mahali pa kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, alitia shanga, kamba ikapita ndani yake bila kukwama. Tekla alichonga usukani na nanga, wakabishana, wakacheka. Kazi ilipokwisha, Shija alivuta kamba moja kwa kidole, na tanga likapanda juu taratibu. Mzee Timotheo aliacha randa yake akaja kutazama.

Wiki iliyofuata habari zikaja kwamba mama yake Shija amejifungua. Mjomba wake akamchukua, wakaenda Usangu.

Merikebu ikapelekwa shuleni Shija akiwa huko. Mwalimu Mkuu aliinyanyua mbele ya wanafunzi wote waliojipanga mistarini, akauliza ni kazi ya nani. Tekla akajibu kwamba ni yake. Mpaka hapo pengine angeweza kujitetea. Lakini Mwalimu Mkuu akazishika zile kamba kwa mshangao, akauliza, "Na kamba zote hizi?"

Wanafunzi mia tatu walikuwa wakimtazama, wale waliomcheka wakiwa miongoni mwao. Tekla akawaza kwamba sanduku la vyombo ni moja, haligawanyiki.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimefunga mimi."

Makofi yakapigwa. Mwalimu Ezekia akaandika kadi kwa mwandiko wake mzuri: Tekla T. Kalinga, Darasa la Sita. Merikebu ikawekwa ofisini juu ya kabati, kadi ikasimama mbele yake. Siku ile Tekla alitembea kwenda nyumbani kichwa juu, lakini jioni hakwenda kibandani.

Shija alirudi Alhamisi. Aliingia ofisini pamoja na Tekla, mkononi mwake Shija mna fundo dogo la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kamba nyembamba, nyeusi, zinazong'aa, alizozisokota huko Usangu kwa singa za mkia wa ng'ombe, maana alikuwa amekumbuka kwamba merikebu ya kwenye picha ina ngazi za kamba za kupandia mlingotini. Akaanza kueleza, mara macho yake yakaangukia ile kadi. Aliisoma mara moja. Akafunga fundo lake, akalitia mfukoni, na yule msichana wa sauti kubwa akatoka bila kusema neno. Kesho yake alihamia dawati la nyuma.

Ijumaa hiyo Tekla aliomba kuichukua merikebu aende akaifute vumbi nyumbani. Mawazo yake hayakuwa mahali pamoja. Alipokuwa akiiingiza kibandani, mlingoti wa mbele uligonga kizingiti cha juu, ukavunjika, kamba za upande mmoja zikakatika, na matanga yakaangukiana. Akachonga mlingoti mwingine haraka. Lakini kamba zilimshinda. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Kila alipokaza upande mmoja, mwingine ulivutika. Mafundo ya Shija hakuyajua hata moja.

Baba yake alimkuta hapo, mikono imejaa nta. Akaiangalia merikebu, akasema kwa upole, "Sasa unajisumbua nini, mwanangu? Si Shija amerudi? Nenda ukamwite."

Hakujua kwamba maneno hayo yalimchoma. Tekla akalia kwa kwikwi, na katikati ya machozi akasema yote: mistarini, kamba, kadi, lile fundo la singa. Mzee Timotheo alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba mbao iliyopasuka haizibwi kwa rangi, na kwamba mtu wa kwanza wa kumwendea si yeye wala Mwalimu.

Jumamosi asubuhi Tekla alikwenda nyumbani kwa Mzee Budeba. Alimkuta mzee huyo akinyoosha mpini wa jembe. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa kwa kidevu nyuma ya nyumba. Shija alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuinua macho.

"Nimekuja kukuomba radhi," Tekla alisema. "Nilisema kamba nimefunga mimi. Nilidanganya. Nilitaka sanduku, na nilitaka wanipigie makofi peke yangu."

Punje zikaendelea kudondoka kwenye ungo.

"Huko Usangu nilimsimulia mama," Shija alisema hatimaye. "Nilimwambia, nina rafiki, tunajenga merikebu. Tunajenga, nilisema."

Tekla akachutama, akachukua hindi, akaanza kupukuchua naye. Walipukuchua mpaka ungo ukajaa. Ndipo akamwambia kwamba mlingoti umevunjika, lakini hakuja kwa ajili ya mlingoti. Hata kama Shija hatakuja, Jumatatu atamweleza Mwalimu Ezekia ukweli.

Shija akasimama, akapangusa mikono. "Nitakuja. Lakini sitakufungia. Nitakuonyesha, na utafunga wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku hiyo, na Jumapili baada ya ibada, Shija alikaa na kuelekeza, na Tekla akafunga. Alikosea mara nyingi, na kila alipokosea Shija alifumua bila huruma. Kufikia Jumapili jioni Tekla alijua kila kamba kazi yake ni nini na kwa nini imefungwa pale. Ngazi za singa za ng'ombe Shija alizifunga mwenyewe, nyeusi juu ya matanga meupe, na merikebu ikawa nzuri kuliko mwanzo.

Jumatatu, siku yenyewe ya Saba Saba, kabla lori halijaondoka, Tekla alimwendea Mwalimu Ezekia akamweleza. Mwalimu alikunja uso. Akasema kwamba uongo ulisemwa mbele ya shule nzima, kwa hiyo shule itakapofunguliwa utafutwa mbele ya shule nzima. Tekla akakubali. Kisha Mwalimu akachukua kadi mpya, akaandika majina mawili, na kumwambia Shija apande lori.

Kwenye maonyesho mjini Mbeya, mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani aliyeitwa Ndugu Leokadia. Hakuwa mtu wa kupita tu. Aliomba tanga lishushwe, likashushwa. Akaomba lipandishwe, likapanda. Akauliza kamba hii ni ya nini na ile ni ya nini, na wasichana wakajibu kwa zamu. Mwisho akauliza nani aliwafundisha.

Tekla akajibu kwamba kamba alifundishwa na Shija, na Shija alifundishwa na babu yake wa Ziwa Viktoria. Mbao alifundishwa na baba yake. Foronya alitoa mama yake, na singa zilitoka kwa ng'ombe wa Mzee Nkuba wa Usangu, baba yake Shija. Alivyokuwa akitaja, alihisi kifua chake kikiwa chepesi, kana kwamba kila jina lilimtua mzigo.

Hawakushinda. Sanduku lilichukuliwa na wanafunzi wa shule moja ya Chunya waliotengeneza jiko la udongo linalotumia kuni chache. Merikebu ilipata nafasi ya pili, na zawadi yake ilikuwa randa moja ndogo na patasi mbili, ambazo wasichana waliamua zikae kibandani kwa Mzee Timotheo, wazitumie wote.

Shule ilipofunguliwa, Tekla alisimama mbele ya mistari akasema alichokuwa amedanganya. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyecheka. Mwalimu Ezekia akapanda kibarazani kando yake.

"Wanafunzi," alisema, "hakuna mtu hapa aliyefika alipo kwa mikono yake miwili tu. Hata mimi, chaki hii nilifundishwa kuishika. Ukificha jina la aliyekusaidia, umemwibia, na wewe mwenyewe unabaki na kazi usiyoijua, kama Tekla alivyobaki na kamba asizoweza kuzifunga. Ukilitaja, hupungukiwi na kitu. Amekosa, lakini amekiri kabla hatujamkamata, na hilo ni kazi ngumu kuliko kuchonga merikebu. Shukrani ya kweli ni ukweli. Mwanzo wake ni kutaja jina."

Mistari ilipovunjwa, Tekla alimkuta Shija ameketi kwenye dawati lao la zamani, madaftari yake yamepangwa upande wake wa siku zote. Alfajiri ya siku hiyo Tekla alikuwa amepitia kwa Mzee Budeba kumwuliza Wasukuma hushukuru vipi, na njia nzima alikuwa amelirudiarudia neno lile asije akalikosea.

"Wabeja, Shija," alisema.

Shija akacheka kwa ile sauti yake kubwa, akasogea kumpa nafasi. "Umelitamka vibaya," alisema. "Kaa hapa, nikufundishe."