Mchumba Wangu Aliniambia "Mara Iko Mara Tu"

Nina miaka ishirini na tisa, ni mkaaji wa mtaa wa Shari, hapa Bunia, Kongo. Mahari yangu imekwisha kuliwa... mbuzi wa mwisho alichinjwa Pasaka! Wanaonipigia vigelegele hawajui kwamba ninalia.

Mchumba wangu, Dieudonné, ndiye pia mkubwa wangu kazini. Tulikuwa tunaunganisha tafiti za watu mbalimbali ili tupate jibu moja: je, watoto wanaozaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi huugua homa zaidi kuliko wa hospitali?

Shida ilikuwa vipimo. Watafiti wengine walilinganisha wagonjwa na watoto wote, wengine wagonjwa na wazima. Ugonjwa ukiwa wa wengi, kipimo hicho cha pili hutoa namba kubwa zaidi: tuseme wameugua sitini kati ya mia nyumbani, na ishirini kati ya mia hospitalini, cha kwanza kitasema mara tatu, cha pili mara sita. Lazima ukigeuze kwanza, ndipo uchanganye. Lakini kwa Kiswahili chetu vyote viwili tunavisoma sawa: "mara tatu", "mara nne".

Nilimwambia tukiwa wawili chumbani. Akacheka! "Weye unapenda kutafuta mambo. Mara iko mara tu, chérie. Changanya."

Nikakataa. Akachanganya mwenyewe... kisha akaandika jina langu kwenye ripoti, kwamba ndimi niliyefanya hesabu! Eti zawadi ya uchumba.

Hatari ilikuwepo, sikatai, ila ndogo, kuwapa wakunga mafunzo kungetosha. Ripoti ikaifanya zimwi. Wakubwa wa serikali wakawapiga wakunga marufuku, hata kijijini Marabo, kwa shangazi yangu aliyenilea, naye ni mkunga.

Juzi jirani yake alishikwa na uchungu, na njia ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa ajili ya risasi. Alibisha hodi kwa shangazi. Shangazi, kwa kuogopa jela, hakufungua... Mtoto alifia pale pale mlangoni!

Nilikwenda kumpa shangazi pole. "Mutoto yangu," alilia, "ule mutu alituhesabia vile, Mungu amulipe!"

Nikaitikia amina. Hajui kwamba jina lililo kwenye hesabu ile ni langu.

Nikifungua kinywa, ndoa imekufa, na baba atarudisha mbuzi gani? Nikinyamaza, jina ni langu. Nimebanwa huku na huku!

Dada yangu, usikubali jina lako liwekwe juu ya hesabu ambayo moyo wako umeikataa, hata anayekubembeleza awe mpenzi. Na mtu akikutisha kwa "mara nne", muulize mbele ya watu: mara nne ya nini? Mimi niliuliza chumbani, nikanyamazishwa chumbani.

Jumamosi ninaolewa. Shangazi ndiye atakayenishika mkono hadi kanisani.