Habu ya Nne na Samli ya Mukarukundo

Kilomita chache kabla ya vilima vya Isingiro, gurudumu la nyuma kushoto la tela lilianza kutoa moshi, na kabla dereva Kalume hajasema neno, mvua iliyokuwa imepumzika ikarudi na ndugu zake wote. Ilikuwa Novemba 1997, mvua zile ambazo watu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale bado wanazitumia kuhesabia umri wa watoto. Lori lilikuwa likivuta tela la maharage kwenda Mbarara. Kabini walikaa pia Mzee Patient wa kanisa, na Mukarukundo, mfugaji, aliyepakata chungu cha samli ya arusi ya binti yake kule Biharwe.

Patient akashuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Tela likateleza, jiwe likaruka, na chuma kikampasua muundi mpaka mfupa ukaonekana. Mukarukundo akachana kitenge, akafunga. Walipoinua macho, barabara haikuwepo. Ziwa la Nakivale lilikuwa limehama kwake, limewafuata mbele na nyuma, na tuta walilosimama lilikuwa kisiwa cha kutosha lori na tela, basi.

Kalume alitaka kuliacha tela, lori lijaribu maji peke yake, lakini pini ya kuunganishia ilikuwa imebanwa na uzito. Alipiga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Kutembea haikuwezekana, maana majini walikuwamo viboko mia mbili. Mukarukundo husema tisa, lakini yeye alihesabu vichwa vilivyotoka nje tu.

Siku mbili walikinga mvua kwa turubai wakanywa, wakatafuna maharage yaliyolowa. Siku ya pili mguu ulivimba mpaka gotini, ukaanza kunuka. Patient alikuwa ametoka Kivu ya Kusini kwa miguu hiyo hiyo, na shamba lake lilikuwa bado halijapandwa.

"Mama, tukifika Mbarara, bataukata mguu?" akauliza.

Mukarukundo alikuwa ametibu vidonda vingi vya ng'ombe. Akaunusa mguu bila haya. "Tukifika kesho, hapana. Kesho kutwa, sijui."

Hapo Kalume akayaweka chini maharage yake. Kila mtu kambini alijua kazi yake ya Jumamosi: kuinua tela, kufungua habu zote nne, yaani vitovu vya magurudumu, kuosha beringi za ndani kwa mafuta ya taa, kuzishindilia grisi mpya, kufunga nati, kisha kuizungusha kila tairi akisikiliza kama daktari. Jumamosi iliyopita kwaya ya ibada ya jioni ilianza kuimba akiwa amemaliza tatu. Akanawa mikono, akakimbilia kanisani, akasimama kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemsaidia, tela lote liko tayari.

"Muzee," akasema, "ile ya ine, hii ya moshi, sikuifungua. Nilidanganya mu kanisa."

Patient akajibu, "Na mimi ndiye nilisema amina kushinda bote."

"Ndiyo, muzee."

"Basi ifungue sasa. Amina yangu ninairudisha mu mufuko kwanza."

Asubuhi ya tatu maji yalishuka mpaka magotini, lakini mvua nyingine ilikuwa tayari imepiga kambi juu ya vilima. Kalume akang'oa mbao za tela, akazitandika chini ya jeki isizame, akalitoa gurudumu, akafungua habu. Grisi ilikuwa imegeuka masizi. Beringi zilikuwa zimebadilika rangi kwa moto, lakini nzima. Akaziosha kwa mafuta ya taa ya kibatari, akasimama. Grisi hata ya kupaka kidole haikuwepo. Wanaume wote wawili wakatazama chungu.

"Munaniangalia mimi?" Mukarukundo akasema. Kisha akakitazama chungu naye, akautazama na mguu. "Samli peke yake itayeyuka, itatoka yote. Tunaichanganya na sabuni. Ni vile tunatengeneza dawa ya kwato."

Kifuniko cha habu kikawa sufuria. Mche mzima wa sabuni ya kunawia ya Kalume ukakatwa vipande, ukapikwa na samli juu ya kuni za mbao za tela, mpaka uji ukawa mzito wa kung'ang'ania kidole. Kalume akaushindilia kwenye beringi kwa kiganja, akafunga, akawasha injini.

Walitambaa. Kila nusu kilomita Kalume alishuka, akaweka mkono juu ya habu, akaifunga gome bichi la mgomba kuipoza. Kiboko mmoja aliwasindikiza mpaka penye lami kwa ajili ya harufu tu, na walipoingia Mbarara jioni, mbwa wa mji mzima walikuwa nyuma ya tela, kwa mstari, na adabu.

Langoni mwa hospitali Kalume aliinama juu ya machela ya Patient. "Amina, muzee?"

"Bado. Ninangoja munganga."

Arusi ya Biharwe ilifanyika bila samli. Mukarukundo alipeleka chungu kitupu na kisa hiki, na wakwe wakaomba kusimuliwa mara tatu.

Wiki sita baadaye, Jumamosi, kwaya ikiwa katikati ya wimbo, Kalume alisimama kanisani, mikono myeusi mpaka viwiko. "Nimefungua tatu," akasema. "Ya ine bado. Mutanisamehe, ninarudia kule." Akatoka.

Kwenye benchi la mbele, miguu yake yote miwili ikiwa imekanyaga sakafu, Mzee Patient akasema amina.