Sauti Yangu Ilipochezwa Mbele ya Wabunge

"Mwanangu, umekula? Usiingie uwanjani na njaa. Na mjomba wako anakusalimu sana."

Ukumbi wote wa kamati ya bunge ukageuka kuniangalia...

Ile sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa YANGU!

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, akanikazia macho.

"Mama, hiyo sauti unaitambua?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Kesho yake timu ya mwanao ilifungwa mabao manne. Tusikilize nyingine."

Wakacheza nyingine. Mimi tena! "Mjomba wako anakusalimu sana." Kesho yake, kichapo.

Wakacheza ya tatu. Hapo nikachukua chupa ya maji, kifuniko kikanishinda.

Ndugu zangu, najua wengi mmekiona kile kipande cha video, nashindwa hata kufungua chupa ya maji. Mmecheka, mmetukana, sawa. Leo nasimulia mwenyewe, maana kile kipande kimekata mambo mengi.

Mimi ni mama wa kipa. Mashabiki walimpa jina la Komeo, kwa kuwa akishafunga lango hapiti mtu. Nasimamia stoo ya dawa hospitalini, nina diploma yangu ya ugavi, na mdomo wangu hauna breki.

Ndiyo maana skendo ya kuuza mechi ilipolipuka, niliposti mapema kabisa: "Wabunge waachane na mpira! Wakatengeneze barabara!"

Likes zilimiminika mpaka simu ikapata moto.

Kwani shirikisho la mpira halikuwa limeshachunguza? Walimwita mwanangu, wakampa soda, wakapiga naye picha, wakatangaza ni msafi. Sasa wabunge wanatafuta nini kama si kuonekana kwenye runinga?

Na mwizi tulishampata bwana! Beki wa kushoto, kijana mpole hata salamu anaitikia kwa aibu. Kwenye mechi ile ya mwisho, yeye ndiye aliyepitwa kabla ya bao.

Nilisimama jukwaani nikapayuka, "Muuza mechi weweee!"

Waliokaa karibu wakadakia. Jukwaa zima likadakia. Chupa zikaanza kuruka, moja ikampasua juu ya jicho.

Sikujali. Mwanangu alikuwa msafi!

Basi, kamati ikatuita, mimi na mwanangu. Siku moja kabla ya kwenda, Komeo akanifuata stoo. Akasimama katikati ya maboksi ya dripu, hakutaka hata kiti.

"Mama, kesho watakuuliza kuhusu simu ulizokuwa unanipigia kambini."

"Wakiuliza si nitawajibu? Nampigia mwanangu, kuna kosa?"

"Watauliza kuhusu salamu za mjomba."

Hapo niwaeleze kidogo. Timu ikiingia kambini, wachezaji wananyang'anywa simu. Mzazi akitaka kuongea na mwanawe anapiga simu ya meneja wa timu, na simu hiyo inarekodi kila neno. Mimi sikuwahi kukosa kupiga.

Kuna mara nyingine mdogo wangu wa kiume, ndiye huyo mjomba wake Komeo, alikuwa anapita nyumbani kabla sijapiga.

"Dada, ukimpata mpwa wangu mpe salamu zangu. Usisahau, dada!"

Nikawa naona ni mapenzi ya mjomba. Kumbe wiki ambazo hapiti, timu inacheza kawaida. Wiki akipita...

"Salamu zina nini?" nikamuuliza Komeo.

Akaanza kulia. Jitu zima, mabega kama mlango!

"Ilikuwa ishara, mama. Ukinipa salamu zake, najua mechi imeuzwa. Mjomba alinilazimisha. Watu wa kamari walikuwa wamemtisha, angeumizwa."

Nikakaa juu ya boksi.

"Mimi ndiye nilikuwa nakuletea hiyo ishara?"

"Mama, sema tu zile salamu ulijitungia mwenyewe. Hapo hakuna wa kumfunga mjomba, na mimi napona. Nakuomba."

Nikamwangalia mtoto niliyemlea peke yangu tangu ana kimo cha meza. Nikasema, "Sawa. Nitasema nilijitungia."

Msinihukumu haraka. Wenye watoto mnanielewa.

Sasa turudi ukumbini. Kabla yangu alihojiwa meneja wa timu.

"Rekodi hizi ulikuwa nazo muda wote," mwenyekiti akamwambia. "Kwa nini hukuwapa shirikisho?"

"Mheshimiwa, hawakuniuliza."

Watu wakaguna. Hawakuuliza! Uchunguzi wa wiki nzima, na simu ya kambi hakuna aliyeiulizia!

Ndipo wakacheza sauti yangu. Ndipo mwenyekiti akaniuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Mama, nani alikuwa anakutuma hizo salamu?"

Nikafungua mdomo niseme nilijitungia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Lakini mbele yangu, benchi la mashahidi, alikuwa amekaa yule beki wa kushoto. Kovu juu ya jicho, bado jekundu. Hakuwa ananiangalia kwa hasira. Alikuwa ameinama anasubiri, kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

"Mama?"

"Alinituma mdogo wangu, mheshimiwa."

Ukumbi ukalipuka! Mdogo wangu, naye alikuwa ameitwa, akasimama kule nyuma.

"Dada! Yaani unanitoa kafara mimi?"

"Wewe ndiye uliyemlazimisha mwanangu!"

"Nani alimlazimisha? Muulize mwanao nani alileta watu wa kamari! Mimi nilitaka ujumbe upite kwa mfua jezi. Yeye ndiye akasema, 'Mjomba, mtumie mama. Hakuna atakayemshuku, na yeye hataulizia. Mama anapenda kuongea tu.'"

Ndugu zangu, nimewahi kuchomwa sindano za kila aina. Hiyo haina dawa ya ganzi.

Nikamgeukia Komeo, aliyekaa meza ya pili, pembeni yangu.

"Mwanangu, mwambie anadanganya. Mwambie!"

Komeo akaniinamia, akanong'ona.

"Mama... si tulikubaliana useme ulijitungia?"

Maiki yake ilikuwa imewashwa.

Nchi nzima ikasikia.

Yule beki akaficha uso kwenye viganja, mabega yakawa yanatikisika. Na mwanangu, sikuweza kumwangalia tena.

Komeo amefungiwa, kesi yake imepelekwa mahakamani, na ya mjomba wake pia. Kazini kwangu watu wakiniona wanapunguza sauti.

Kwa hiyo leo nakula matapishi yangu hadharani. Wabunge si malaika. Mmoja pale alikuwa anarekebisha tai kila kamera ikigeuka, na swali la maana hakuuliza hata moja. Lakini stoo yangu inakaguliwa na watu wa nje, kwa sababu mimi siwezi kujikagua nikajikuta na kosa. Shirikisho lilimhoji mwanangu kama shangazi anavyomhoji mpwa aliyevunja kikombe. Acheni wageni waulize. Hata kama aliye kwenye kiti ni mtoto wako. Hasa kama ni mtoto wako!

Juzi Komeo alinipigia.

"Mama, unanichukia?"

"Nimekuzaa, nitakuchukiaje? Ila kesho twende kwa yule beki. Na wewe ndiye utakayeanza kuongea."

"Mama, hilo siwezi."

Akakata simu.

Nikaenda peke yangu. Nyumba ya ghorofa, ngazi za saruji, mlango wa bluu uliobanduka rangi. Kwenye ukuta mtu alikuwa ameandika kwa mkaa MUUZA MECHI, na mtu mwingine alikuwa amejaribu kusugua, ikabaki doa kubwa jeusi.

Mlango ulifunguliwa na mama yake. Tulilingana umri. Alinijua papo hapo. Nani hanijui siku hizi?

"Mwanao yuko wapi?" akauliza. Hakunisalimu.

"Amekataa kuja."

"Na wewe umefuata nini?"

"Mimi ndiye nilianza kupiga kelele ile siku, mama. Kabla ya chupa."

Akashika kitasa. Nikajua anapima anifungie mlango au anizabe kofi. Yote mawili nilistahili.

Akasogea pembeni.

"Ingia umwambie mwenyewe. Tangu ile mechi, ametoka mlango huu siku ya bunge tu."