Pua ya Kisima

Nilikuwa nimeinama mbele ya Bi Tokie Hirabayashi, paji la uso linakaribia mkeka, nikiomba radhi kwa kuchelewa, aliponiuliza kwa sauti ya upole, "Fundi Karasawa, na hizo ndara za choo umezileta ziombe radhi pia?"

Nikatazama miguuni. Kweli. Ndara za plastiki, rangi ya waridi, zina picha ya bata. Nimetoka nazo chooni, nikapita nazo ukumbini, nikapanda nazo juu ya mikeka ambayo hata soksi huikanyaga kwa adabu. Nina miaka hamsini na minne. Nimefanya kazi Manila, Dubai na Hamburg, na kila nilikokwenda nilipata namna mpya ya kujiaibisha, lakini hii ni aibu ya watoto wa chekechea wa kwetu Matsumoto, tena wale wazito wa kuelewa.

"Mtu asiyejua choo kinaishia wapi," Bi Tokie akamwambia mkwewe, "ndiye niliyemkabidhi nyumba."

Chinatsu, mke wa mwanawe, akaficha kicheko nyuma ya kiganja. Mzee Giichi, mume wa Bi Tokie, alikuwa amelala kwenye godoro katikati ya chumba. Yeye hakucheka. Hakuwa na pumzi ya kuchekea.

Siku kumi kabla nilikuwa nimewatengenezea chumba cha chini, wanakoweka mapipa ya miso, lile rojo la soya lililochachushwa. Kila majira ya mvua maji yalipenya pale ukuta unapokutana na sakafu, yakaacha chumvi nyeupe kama ndevu za mbuzi. Nilitanua ule ufa kwa patasi, nikaujaza saruji inayoshika upesi, nikapaka dawa ya kuzuia maji tabaka tatu. Kwenye kona palikuwa na bomba jembamba, limechomoza sakafuni kiasi cha shubiri, mdomo wazi, umelowa. Bi Tokie, ambaye magoti yake yalishaziacha zile ngazi, alinipigia kelele kutoka juu: "Hapo kuna kisima, baba mkwe alikifukia. Mwenye kisima anapumulia hilo bomba. Usiliguse!"

"Ndiyo, mama! Ndiyo, mama!" nikajibu, huku nacheka kimoyomoyo. Mwenyewe! Jini la kisima, linipangie kazi mimi niliyezuia bahari isiingie kwenye mahoteli! Nikalikata bomba sawasawa na sakafu, nikaliziba, nikasawazisha juu yake hadi mimi mwenyewe nisingeweza kuonyesha lilipokuwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpumbavu akasikia: ziba kila tundu.

Sasa Chinatsu, aliyeniita kwa simu, alinisogelea, akanong'ona, "Fundi, chini kumekauka."

"Basi ndiyo kazi yenyewe, dada."

"Kumekauka mno. Miso imepasuka juu kama kisigino. Na baba, tangu siku ile uliyoondoka, pumzi inapungua. Daktari kapima kifua, kasema hakina kitu. Hebu nyamaza. Sikiliza."

Nikatega sikio. Mzee Giichi alivuta pumzi, na mkeka niliokalia ukashuka kidogo. Akaitoa, mkeka ukapanda. Kwenye maungio ya mikeka palitoka harufu ya jiwe bichi na majani yaliyooza, harufu ya mahali pasipoona jua.

"Uligusa bomba?" Bi Tokie akauliza.

"Hapana, mama."

Chini ya sakafu, pale pale nilipokaa, kitu kikaguna: "Hmh."

Haikuwa sauti ya kutisha watu. Ilikuwa sauti ya dharau, ile ambayo wateja hunipa nikiwatajia siku ya kumaliza kazi. Midomo ya mzee ikaingia rangi ya bluu. Chinatsu akamshika mkono, akaanza kumhesabia pumzi kwa sauti ndogo, kama anayemvusha mtu kwenye barafu nyembamba.

"Nashuka nikaangalie," nikasema, kwa sababu mfa maji haachi kutapatapa, na mwongo vivyo hivyo.

Ilikuwa saa nane mchana. Nje mvua ilikuwa ikimwagika, na taa ya chumba cha chini ilikuwa inawaka vizuri kabisa, kwa hiyo sina giza la kulisingizia. Niliona mapipa, niliona ukuta wangu mzuri usio na tone, na nilipofika kwenye kona niliona sakafu niliyoisawazisha kwa mkono wangu, saruji ngumu ya kuvunja patasi, ikibonyea polepole kama koo la mtu anayemeza, ikatulia, ikainuka, ikabonyea tena, na kila ilipobonyea kifua changu nacho kilibonyea bila ruhusa yangu, na kila ilipotulia nilisikia juu ya kichwa changu hesabu ya Chinatsu ikisita, ikisubiri, ikianza upya kwa sauti inayotetemeka, mpaka nikaelewa kwamba kile kitu hakikuwa na haraka yoyote, kilikuwa kimekosa pumzi yake kwa hiyo kinatumia ya mzee, na kitakapoimaliza kitatafuta nyingine karibu.

Mara hesabu ikakatika. Haikuanza tena.

"Mama!" nikapiga kelele. "Nililiziba! Nililikata nikaliziba, nikakudanganya!"

Sauti ya Bi Tokie ikateremka ngazi, kavu kama dagaa. "Hilo nalijua tangu ulipoingia na ndara za choo. Mtu wa namna hiyo hasikii. Chinatsu, mpelekee chumvi na sake. Mpe na nyundo na patasi. Akili hatuna ya kumpa."

Nikanyunyiza chumvi. Nikamimina sake, ile pombe ya mchele, na sakafu ikainywa kabla haijatapakaa. Nikapiga magoti juu ya ndara zile zile, nikasema, "Nisamehe, mwenye nyumba," nikaanza kugonga, na kadiri nilivyogonga ndivyo pumzi yangu ilivyotoka bila kurudi, macho yakaona vimulimuli, mkono ukawa wa mtu mwingine, nikagonga kwa sababu nilikuwa nimesahau kuacha, mpaka patasi ikazama ghafla na upepo baridi wa miaka mingi ukanipuliza usoni, mrefu, mrefu, kama mtu aliyezamishwa ziwani akaibuka.

Juu, Mzee Giichi akakohoa. Kisha nikamsikia, wazi kabisa, akimwambia mkewe, "Chai iko wapi? Na huyo chini anavunja nini?"

Chinatsu akakaa kwenye ngazi, akalia, akacheka, akalia.

Niliweka bomba jipya, mdomo wazi, refu kuliko la kwanza. Nikapanda, nikamwambia Bi Tokie kwamba sasa tutafute hayo maji yanatoka wapi. Akanyoosha kidole dirishani. Mfereji wa paa ulikuwa umejaa majani, na maji yote ya mvua yalikuwa yakianguka kwenye shina la ukuta.

"Yanatoka juu, fundi. Miaka yote yanatoka juu. Ulichimba chini kwa kuwa kuinua kichwa ni kazi."

Nikazibua mfereji huku nimelowa chapachapa, nikaelekeza mdomo wake mbali na msingi, bustanini. Kabla ya kuaga nilishuka mara ya mwisho. Bomba lilikuwa likipumua taratibu. Nikainama karibu. Pumzi ile ilinuka tambi za mchuzi wa kitunguu, chakula changu cha mchana. Nikahesabu: likivuta, navuta, likitoa, natoa. Nilijaribu kuchelewa, sikuweza.

Nikapanda mbio, miguu inateleza. "Mama, yule mwenye kisima... ndiyo ameondoka, sivyo?"

Bi Tokie alikuwa anammiminia mumewe chai. Hakugeuka.

"Aondoke aende wapi? Hapa ni kwake. Wa kuondoka ni wewe. Ndara uziache."