Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Kila siku akitoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, Uzi alipita kwanza chumba cha mbele, ambako bibi yake alishona nguo za watu. Alimwamkia, akamtungia uzi kwenye sindano, maana macho ya Bibi yalikuwa yameanza kugoma, kisha akaokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Hapo ndipo aliporuhusiwa kwenda kula.

Uzi si jina alilopewa na wazazi wake. Lilikuwa jina lake la mchezoni. Katika klabu ya kompyuta ya shule, wanafunzi walicheza mchezo wa kujenga miji kwa matofali ya rangi rangi kwenye skrini, na kila mchezaji alijichagulia jina. Yeye alijiita Uzi Mwekundu, kwa sababu Bibi alikuwa na desturi yake: kila nguo aliyoishona, aliimalizia kwa mshono mmoja wa uzi mwekundu ndani ya kola au pindo, mahali pasipoonekana. Uzi naye, kila alipomaliza nyumba mchezoni, aliweka tofali moja jekundu kwenye kona. Jina lile refu likafupishwa, hata walimu wakamwita Uzi.

Rafiki yake, aliyetumia naye kompyuta moja, aliitwa Kizibo. Binti huyo alikuwa na wazimu wa kukusanya vizibo vya chupa. Mifuko yake ilijaa vizibo, akitembea unamsikia kabla hujamwona. Hakuwa msemaji, lakini mikono yake, we acha tu! Kwa wiki mbili alijenga mchezoni daraja kubwa la kufunguka katikati ili meli zipite. Uzi alichangia taa za pembeni. Taa tatu tu, basi.

Jumatatu moja Kizibo hakuja. Alikuwa na homa. Uzi aliketi peke yake, akalitazama daraja, na mkono ukamwasha. “Si nimeweka taa?” alijiambia. “Hata mimi nina sehemu yangu.” Akabandika tofali jekundu kwenye nguzo ya kwanza.

Laiti angejua! Mwalimu wa kompyuta alipolipitia daraja lile na kuliona tofali, alipiga makofi. “Uzi! Kumbe tuna injinia humu ndani na hatujui? Aliyejenga hili ndiye nahodha wetu kwenye mashindano ya shule zote!” Wenzake wakamzunguka, huyu anampa mkono, yule anampiga begani. Uzi alitaka kusema ukweli, lakini sifa zikamnogea. Akavikwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa.

“Halafu Ijumaa,” mwalimu akaongeza, “kila mmoja atatusimulia jina lake la mchezoni limetoka wapi. Waulizeni wazee nyumbani. Nataka hadithi za kweli, sitaki porojo.”

Jioni ile Uzi alimuuliza Bibi, “Kwa nini unaweka uzi mwekundu?”

Bibi akasimamisha cherehani. “Nilipoanza ufundi, mjukuu wangu, nilikuwa na haraka kuliko akili. Nilimshonea mtoto mmoja sketi ya shule kwa uzi mbovu. Siku ya kwanza tu kuivaa, ikafumuka mbele ya shule nzima. Wenzake wakamcheka mpaka akalia. Mama yake hakujua aende kwa fundi gani, maana tulikuwa watano barabara moja, na jirani aliyemtuma kuichukua hakukumbuka ni kwa nani. Nikasikia habari, nikanyamaza siku tatu. Siku tatu hizo chakula hakikupita kooni! Ya nne nikaenda mwenyewe, nikamwambia, ‘Mama, ni mimi.’ Nikashona nyingine. Tangu hapo naweka uzi mwekundu, ili nguo ikifumuka, mtu ajue pa kuirudisha.”

“Na yule mtoto?”

“Ndiye muuguzi anayeniletea sare za wanawe kila mwaka.”

Uzi aliona aibu. Lakini unahodha mtamu jamani! “Kesho nitasema,” akajiambia. Kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka Ijumaa ikafika.

Kizibo alirudi siku hiyo, amekonda kidogo. Akaliona tofali jekundu kwenye nguzo yake. Akamtazama Uzi, kisha akasogeza kiti chake mbali naye. Jambo hilo lilimuuma Uzi kuliko matusi.

Zamu yake ilipofika, Uzi alisimulia habari ya Bibi, na aliisimulia vizuri mpaka darasa likatulia. Walimpigia makofi. Mwalimu akawasha skrini kubwa ili wote waone daraja likifunguka. Akabonyeza. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukakwama, na meli ikajigonga, pwaa!

“Fundi, limefumuka!” mchekeshaji mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. “Tumekurudishia!”

Darasa zima likacheka, hata mwalimu. “Haya, Uzi,” akasema. “Fanya kama bibi yako. Njoo ulitengeneze.”

Uzi akasogea mbele. Hakujua hata pa kuanzia. Angeweza kusema kompyuta imeharibika. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akakumbuka chakula kisichopita kooni. Akapiga moyo konde.

“Mwalimu, siwezi. Daraja si langu, ni la Kizibo. Mimi nimeweka taa tatu na uongo mmoja.” Akamgeukia rafiki yake, machozi yakimlengalenga. “Nisamehe, mwenzangu.”

Kizibo akainuka, vizibo vikilia mfukoni. “Sogea,” akasema. Akachungulia nguzo ya kwanza, akatabasamu kidogo. “Si limekwama kwa sababu yako! Tofali lako limeziba njia ya mnyororo unaoliinua.” Akaling’oa, akabonyeza, na daraja likafunguka taratibu. Meli ikapita huku darasa likishangilia.

Unahodha ukaenda kwa mwenyewe. Kizibo alipoulizwa anamtaka nani kwenye timu yake, hakusita. “Uzi. Taa zake zimenyooka. Tofali lake aliweke huko kwenye taa.”

Siku hiyo Uzi alikwenda mbio hadi chumba cha mbele, akamsimulia Bibi yote bila kuficha. Kisha akamkumbatia. “Asante, Bibi.”

“Asante ya nini tena?”

“Ya kwenda siku ile ya nne. Usingekwenda, mimi leo ningejifunza kwa nani?”

Bibi alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. “Jina zuri unaweza kulirithi, mjukuu wangu, lakini kulitunza ni kazi yako mwenyewe. Ulichokifanya, kiwekee alama. Usichokifanya, mwachie mwenyewe. Na ukikosea, usingoje siku ya nne kama mimi. Nenda siku ya kwanza.” Akamsogezea sindano. “Haya, nitungie. Huu mwekundu.”