Usukani wa Baba Yake Levina

Haya yalimpata rafiki yangu Levina wa hapa Ifakara, mwaka 1994.

Kaka yake, Faustin, alikuwa akiunda gari la mashindano kwa vyuma chakavu: chesisi ya Landrova, kiti cha trekta, injini ya mashine ya kukoboa mpunga. Levina alimshikia spana kwa sharti moja: lori la marehemu baba yao, lililozama mtoni, lisiguswe mpaka matanga yaondolewe.

"Kaka, usukani umeutoa wapi?"

"Idete, kwa muuza vyuma. Naapa kwa Bikira Maria, mdogo wangu."

Levina akaamini.

Siku ya mvua kubwa aliingia bandani, lilimokaa gari, kuchukua jembe. Mlikuwa na giza. Akapapasa usukani, vidole vikakuta waya wa shaba uliofunga ufa. Yeye na baba ndio waliouzungushia usukani wa lori waya ule.

"Faustin! Umeniapia uongo!"

Gari halikuwa na betri wala honi. Lakini honi ililia hapohapo gizani, mara mbili fupi, kama baba alivyozoea akifika nyumbani.

Faustin, akiwa barazani, aliitika kwa mazoea:

"Shikamoo, baba!"

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Mvua tu ndiyo iliyosikika.

Honi ikalia tena, taratibu, mara moja, kama mtu anayeitikia "Marahaba."